Wiski laini kwa mfuko wa mwalimu

Mwishoni mwa mwaka 2024, walimu wenzangu hapa Machakos walinitwika mzigo ambao sikuutarajia. Mwalimu wetu wa Kemia alikuwa ametimiza miaka 60, na kwa hivyo hakuwa na budi kustaafu. Tulimuuliza angependa azawadiwe nini. Wengi wetu tulidhani atataja blanketi, saa ya ukutani au mbuzi wa kufuga, kama ilivyo ada katika hafla za namna hii. Yeye alicheka, kisha akasema kwamba kwa zaidi ya miaka 30 amewachorea wanafunzi ubaoni mtambo wa kukeneka, akawaeleza jinsi mvuke unavyopanda, ukapozwa na kurudi kuwa kimiminiko, ilhali yeye mwenyewe hajapata kuonja wiski halisi ya Uskoti, ile ya kimea tupu. Angefurahi kuionja mara moja kabla hajafa. Ila iwe laini, isiyochoma koo, na tusiuze ng'ombe kwa ajili yake.

Msomaji anaweza kukisia mjadala uliozuka katika chumba cha walimu. Mwenzetu mmoja, mlokole wa dhati, alisema kwamba hawezi kutoa hata senti moja kununulia mtu kileo, na tukamheshimu. Yeye alinunua Biblia ya maandishi makubwa, zawadi ambayo mzee aliipokea kwa shukrani isiyo na kejeli hata chembe. Tuliobaki tulikubaliana mambo mawili: kwamba chupa hiyo haitaingia ndani ya lango la shule, bali itapelekwa nyumbani kwa mwenyewe; na kwamba kila mmoja wetu atatoa shilingi 500. Tulikuwa walimu 12. Mfuko ukawa shilingi 6,000, nami nikakabidhiwa kwa hoja kwamba mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyezoea kusoma maandishi madogo.

Kazi hiyo ilinielemea kwa sababu ambayo wenzangu wachache waliijua. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni kipofu. Hakuzaliwa hivyo. Mwezi wa Juni 2005, zaidi ya watu 40 walikufa hapa Machakos baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Yeye ni miongoni mwa waliosalimika roho wakapoteza macho. Nilipomweleza kwamba natafuta wiski laini, alinyamaza kwa kitambo, kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka mbele yangu. Alisema kwamba pombe ya siku ile ndiyo iliyokuwa laini kuliko zote alizopata kunywa. Haikumchoma koo, haikumkunjisha uso. Waliokuwa pamoja naye waliisifu na kuagiza nyingine.

Tangu hapo nililiogopa neno hili, "laini". Ndilo neno ambalo kila mnunuzi wa kileo hulitaja kwanza, na ndilo neno ambalo kila muuzaji hulijibu haraka. Je, ulaini hutoka wapi? Na mtu mwenye fedha haba atautambuaje ulaini wa kweli na ule wa mauti?

Nilianza kwa kumwendea mwenye zawadi yake, kwani hapakuwa na haja ya kuificha. Mwalimu alinieleza kama anavyowaeleza watoto wa Kidato cha Nne. Ethanoli na methanoli ni ndugu wa ukoo mmoja. Ethanoli ndiyo iliyomo katika bia, mvinyo, wiski na pombe zetu zote za kienyeji. Methanoli ni ya viwandani. Huyeyushia rangi na kutengenezea kemikali nyingine. Zote mbili hazina rangi, kama maji. Harufu zao zakaribiana, na ulimi wa mnywaji hauwezi kuaminiwa kuzitenganisha. Tofauti hujitokeza baadaye, ndani ya mwili. Ini huigeuza methanoli kuwa sumu mbili, moja baada ya nyingine, na ile ya pili, asidi ya fomiki, huishambulia neva ya jicho. Ubaya wake ni kwamba huchelewa. Mnywaji aweza kulala salama, akaamka kesho yake huku macho yakiwa na ukungu, au asiamke kabisa. Anayekimbizwa hospitali mapema ana nafasi ya kuokolewa. Anayeambiwa alale ulevi umtoke, hana.

Kisha akasahihisha kosa ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Watu hudhani kwamba pombe ya kienyeji huua kwa sababu ni ya kienyeji. Sivyo. Nafaka na sukari zikichachushwa hutoa methanoli kidogo mno. Vifo vya umati hutokea pale mfanyabiashara anapochukua methanoli ya kiwandani na kuimimina katika pombe ili aizidishe nguvu na faida. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi mwezi wa Novemba 2000, walipokufa zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda. Ndivyo ilivyokuwa hapa kwetu mwaka 2005. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kitui, na Februari 2024 msiba ukabisha hodi Kirinyaga. Kaluvu ya wazee wetu wa Ukambani, iliyopikwa kwa asali au sukari, maji na matunda ya mwegea, ilikuwa na madhara yake kwa aliyezidisha. Hata hivyo ilinywewa na watu wazima, katika mikutano ya mahari na mashauri ya ukoo, na mpishi wake alikuwa jirani aliyejulikana kwa jina na kwa uso.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha kwanza. Swali la kuanzia si kwamba kileo hiki ni laini kiasi gani, bali ni nani aliyekitengeneza na ni nani atakayejibu kikidhuru. Wiski ya Uskoti ina jibu kwa swali hilo, na jibu lenyewe limeandikwa kwenye kibandiko.

Sheria ya Uskoti inasema kwamba kinywaji hakiruhusiwi kuitwa wiski ya nchi hiyo mpaka kikae ndani ya pipa la mwaloni kwa muda usiopungua miaka mitatu, katika nchi hiyohiyo, na kiwe na kileo kisichopungua asilimia 40 kinapotiwa chupani. Ile aliyoitaka Mwalimu huandikwa "single malt". Maneno hayo yana maana mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza, imetokana na kimea cha shayiri peke yake, yaani shayiri iliyolowekwa ikachipua kisha ikakaushwa, pamoja na maji na hamira. Pili, yote imekenekwa katika kiwanda kimoja, ndani ya vyungu vya shaba. Na kama kibandiko kimetaja umri, tuseme miaka 12, basi huo ni umri wa tone lililo changa kuliko yote yaliyomo chupani. Hairuhusiwi kuchanganya kikombe cha mzee na ndoo ya mtoto, kisha ukatangaza umri wa mzee.

Ulaini, basi, hutoka wapi? Sehemu yake ya kwanza hutoka katika mkono wa mkenekaji. Kimiminiko kinachotangulia kutoka mtamboni kina mivuke mikali, na kile cha mwisho ni kizito chenye ladha mbaya. Mkenekaji hodari huvitenga vyote viwili na kuhifadhi cha katikati, ambacho wenyewe hukiita moyo. Sehemu ya pili hutoka katika pipa. Mwaka baada ya mwaka mti huondoa ukali na kuongeza utamu unaokumbusha vanila na asali. Sehemu ya tatu ni ukosefu wa moshi. Katika kisiwa cha Islay, kimea hukaushwa aghalabu kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi unaochomwa kama kuni, na wiski yake hunuka jiko na dawa ya hospitali. Wapo waipendao kwa dhati, lakini anayeonja kwa mara ya kwanza asianzie huko. Aanzie bonde la mto Spey, ambako nyingi hazina moshi na zina harufu ya matunda.

Na kwa nini ni ghali? Hapa mwalimu wa Hesabu alinisaidia. Katika hali ya hewa ya Uskoti, karibu asilimia 2 ya kilichomo pipani huvukizwa kila mwaka, na wenyewe husema ni mgao wa malaika. Piga hesabu ya miaka 12, utaona kwamba zaidi ya sehemu moja kati ya tano imekwenda zake hewani. Mwenye kiwanda amelipa shayiri, mapipa na walinzi kwa muda huo wote bila kuuza hata kipimo kimoja. Kisha ongeza usafiri, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya thamani ya asilimia 16. Kwa hivyo bei ina sakafu yake. Anayekuuzia chupa ya miaka 12 kwa nusu ya bei ya wenzake hajakupunguzia. Kuna kitu amekiondoa, na hakuambii ni kipi.

Nilikutana na mtu wa namna hiyo siku ya Jumamosi. Katika duka la kwanza nililoingia mjini, muuzaji alinionyesha chupa yenye jina kubwa, akasema, "Mwalimu, hii ni laini kama maziwa, na wewe nitakupa kwa 2,000 tu." Nilihisi moyo ukiruka kwa furaha, kwani ningerudisha shilingi 4,000 na kusifiwa na wenzangu. Lakini niliikumbuka sauti ya shemeji. Niliiinua chupa penye mwanga. Kizibo kilikuwa kimelegea kidogo, na stempu ya ushuru ilikuwa na kona iliyobanduka. Nilitoa simu. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ina programu iitwayo Soma Label, ambayo humwezesha mnunuzi yeyote kuikagua stempu kwa kamera ya simu yake. Nilijaribu mara tatu, na mara zote tatu stempu haikutambuliwa. Muuzaji alisema kwamba mtandao ulikuwa na shida siku hiyo. Nilimshukuru, nikatoka.

Duka la pili lilikuwa na leseni ukutani na bei zilizoandikwa wazi. Kwa mfuko wetu, chaguo lilikuwa kati ya chupa tatu za miaka 12, zote za bonde la Spey na zote zinazojulikana kwa upole: Glenfiddich, Singleton na Glenlivet. Stempu zao zilijibu mara moja. Sina ugomvi na yeyote kati ya hizo tatu. Mwalimu mwenye shilingi 6,000 asipoteze usingizi akizilinganisha, achukue ile iliyo rahisi siku hiyo. Mimi niliichukua Glenlivet kwa shilingi 5,600, na sababu yangu ilikuwa ya kihistoria.

Bonde la Glenlivet lilikuwa, miaka 200 iliyopita, Mukuru ya Uskoti. Watu walikeneka wiski kwa siri milimani, wakaisafirisha usiku kwa farasi na kuwakimbia maofisa wa ushuru. Sheria ilikuwa kali na kodi nzito, kwa hivyo kila mtu alivunja sheria. Mnamo 1823 bunge la Uingereza lilipunguza mzigo huo na kuweka leseni ya pauni 10. Mwaka uliofuata, mkulima George Smith alichukua leseni, wa kwanza katika bonde hilo. Jirani zake walimwona msaliti na kutishia kukiteketeza kiwanda chake, hata akalazimika kutembea na bastola mbili kiunoni. Leo jina la kiwanda chake linauzwa Machakos. Wiski hii inayonywewa na wakubwa hotelini ilianza maisha yake ikiwa chang'aa.

Ninaisema hadithi hii kwa sababu sisi pia tulijaribu njia hiyo. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na marufuku hayo yalizaa vichochoro. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 iliondoa marufuku hayo na kuruhusu kinywaji hicho kitengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Nia ilikuwa njema. Lakini miaka 4 baadaye watu walikuwa wakizikwa tena. Maandishi ya sheria hayatoshi pasipo mkaguzi asiyehongwa na mnunuzi anayesoma. Mkaguzi si kazi yangu. Mnunuzi ni mimi na wewe.

Kuna watakaouliza, na wana haki, kama yafaa mwalimu kuandika haya mahali ambapo wanafunzi watayasoma. Jibu langu ni kwamba wanafunzi wetu wanaishi katika vijiji hivihivi. Aliye chini ya miaka 18 hauziwi kileo kwa mujibu wa sheria, na ningependa ashike njia hiyo hata baada ya miaka hiyo kupita, kwani anayeacha pombe kabisa hapotezi kitu. Lakini baba yake hunywa, na mjomba wake hunywa. Mtoto anayejua kwamba ukungu machoni baada ya pombe ni amri ya kukimbilia hospitali, na si ulevi wa kulazwa kitandani, huenda akaokoa uhai wa mtu usiku mmoja.

Kwa mtu mzima ambaye shilingi 6,000 ni kama nauli ya kwenda mbinguni, nina maneno machache. Si lazima iwe kimea tupu. Wiski ya mchanganyiko, ambayo ndani yake mna kimea pamoja na wiski ya nafaka nyingine, huuzwa kwa bei ya chini sana, nayo ile ya Uskoti hubanwa na miaka mitatu ileile na asilimia 40 zilezile. Nyingi kati ya hizo ni laini, na si aibu kuzinywa. Au changeni, kama tulivyofanya sisi. Chupa ya mililita 750 ina vipimo 25 vya mililita 30. Kwa bei tuliyolipa, kila kipimo kiligharimu shilingi 224, karibu sawa na chupa moja ya bia katika baa. Lakini mwenye shilingi 100 anayetafuta kileo kikali kisicho na jina wala mwenyewe, namsihi anunue soda.

Siku ya hafla tulikusanyika uani kwa Mwalimu, Vilima vya Iveti vikiwa mbele yetu. Shemeji alikuwepo, kwani Mwalimu alimfundisha kabla ya mkasa. Hakunywa; hajagusa pombe tangu 2005. Aliomba ashike chupa. Aliizungusha mikononi, akaipapasa stempu kwa kidole gumba, kisha akaniambia, "Shemeji, nisomee." Nilimsomea kila neno: jina la kiwanda, mahali, umri, asilimia, ujazo. Nilipomaliza aliniomba nirudie palipoandikwa mahali ilipotengenezwa. Nilirudia. Akatikisa kichwa, akamrudishia Mwalimu chupa yake.

Mwalimu alimimina kidogo, akanusa kwa muda mrefu kama anusavyo mtu maabarani, akaongeza matone mawili ya maji na kuonja. Tulisubiri hukumu. Alisema kwamba inanukia nanasi lililoiva, na kwamba sasa ameelewa sura moja ya kitabu ambayo amekuwa akiifundisha tangu ujanani. Alikunywa hicho kimoja tu, akakifunga kizibo.

Chupa ile ilimtosha miezi minane. Mwezi wa Agosti alinipigia simu kunijulisha kwamba imekwisha, na kwamba kijana mmoja mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amempa shilingi 50 kwa chupa tupu, kisha akapandisha hadi 100 alipoona jina lake. Mwalimu alimuuliza chupa tupu ina thamani gani kwa mtu wa vyuma chakavu. Kijana hakujibu. Basi mzee akaenda nyuma ya nyumba, akaikwaruza stempu na kibandiko, akaitia chupa ndani ya gunia na kuivunja kwa nyundo.